Zuhura, tuanze na Machi

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Zuhura,

Asalaam alaykum. Sisi hatujambo. Bibi yako anakohoa kidogo, ila sauti ya kugombana bado anayo.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu umeigeuza njia ya kunikwepa. Nikikuuliza kazi inaendaje, unasema, "Nzuri mama, maua yamechanua," halafu unauliza bei ya dagaa. Na mimi bei ya dagaa ndiyo ugonjwa wangu. Nikija kushtuka nimeongea dakika ishirini na salio limekwisha. Safari hii hunikatizi.

Mdogo wako ameniambia. Usimgombeze, nilimbana mwenyewe. Kumbe mkataba wako unaisha Machi. Kumbe makala uliyohangaika nayo mwaka mzima imerudishwa mara ya pili, na maombi ya kazi uliyotuma mengine hata hayajajibiwa. Na katikati ya hayo yote, kila tarehe tano simu yangu inalia, pesa imeingia. Pesa ya nini, Zuhura?

Usidhani kazi yako siielewi. Mjomba wako bado anawatangazia watu barazani kwamba umekwenda Uswisi kusomea majani, na wanacheka. Juzi nilimjibu. Nilimpa habari ya ule mlima ulionisimulia, Piz Linard, wa mita 3,410. Nikamwambia mwaka 1835 bwana mmoja, Oswald Heer, alifika kileleni akakuta aina moja tu ya mmea wa maua. Baada yake watu wakawa wanarudi, huyu anakufa na yule anapanda, wanahesabu palepale. Mwaka 2011 wakahesabu aina 16. Mimea inapanda mlima, nikamwambia, kwa sababu baridi ya huko juu imepungua, na ile iliyozoea baridi kali wenzake wanaifuata hukohuko, nayo haina pa kukimbilia, juu yake ni mawingu. Baraza zima likanyamaza. Mjomba akafikiri sana, kisha akauliza kama hiyo mimea inaliwa.

Basi nikabaki na hesabu yangu. Kutoka 1835 mpaka 2011 ni miaka 176. Mkataba wako ni miezi 24. Na ule mmea ulionitumia picha, ule uliojikunyata kama mto wa kulalia na vijiua vya waridi juu yake, uliniambia unakua polepole mno hata mwingine umri wake unampita bibi yako mara mbili au tatu. Ukaniambia jua likiwaka, ndani yake kunakuwa na joto kuliko hewa ya nje, ndiyo maana umejibana vile. Sasa mtu auelewe mmea wa namna hiyo kwa miezi 24, na mingi kati ya hiyo uko chini ya theluji! Theluji iondoke Juni au Julai, Septemba ianze kurudi. Yaani katika miaka miwili una misimu miwili tu ya kushika kazi. Wa kwanza theluji ilichelewa kuyeyuka, kisha wale panya wakubwa wa mlimani wakatafuna nyaya za vipimajoto kwenye vile vibanda vyako vya pembe sita visivyo na paa, vya kuipa mimea joto zaidi. Ukabaki na mmoja. Hata mvuvi hapimwi kwa giza moja.

Wewe umekulia mwaloni Katonga, unajua. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala, na hakuna anayemwita mvuvi mvivu kwa sababu mbalamwezi kila mtu anaiona. Hao wanaosoma maombi yako sidhani kama mbalamwezi yako wanaiona. Ningekuwa wewe ningeiandika humo ndani wazi, kwamba nyaya zililiwa na panya.

Sasa nisikilize na yangu, maana siji kukusema wewe peke yako.

Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa wavuvi wasivue kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, ili samaki wapumzike, ulinipigia ukaniuliza nitaishije. Nikakujibu nina akiba ya kutosha, biashara inakwenda. Ulikuwa uongo. Nilikuwa nimenunua magunia manne kwa bei ya juu nikitegemea ziwa likifungwa nitauza vizuri, na mawili yakaingia wadudu. Kikoba kilinidai. Mwezi Julai nikauza cherehani, ileile aliyoninunulia marehemu baba yako. Ulipokuja kuaga ukaniuliza iko wapi, nikasema iko kwa fundi. Na kwa fundi ilikuwa kweli, ila fundi ndiye aliyeinunua.

Nilikuficha kwa sababu ndiyo kwanza ulikuwa umemaliza uzamivu wako, unahangaikia viza, nikaogopa ukisikia utaiacha safari. Wewe unanificha kwa sababu gani? Nadhani ni ileile. Tumekuwa kama wachuuzi wawili, kila mmoja anamwonyesha mwenzake mizani aliyoichezea.

Pesa ya miezi mitatu iliyopita sijaigusa. Nimemwambia mdogo wako airudishe kwa njia uliyoitumia wewe, na makato nimelipa mimi. Lipia chumba. Tarehe tano ijayo simu yangu isilie.

Ukitaka kurudi, rudi. Chumba chako kimejaa magunia, nitayahamisha kwa siku moja. Kilimanjaro haijahama, na ile lobelia uliyonionyesha ulipokuwa mwanafunzi, inayokinga maji katikati ya majani yake, yakaganda juu usiku na chipukizi ndani likasalimika, nayo bado ipo, na haijamaliza kusomwa. Ukitaka kubaki utume maombi mengine mwaka mzima, baki. Sina upande. Ila usiniambie maua yamechanua wakati nje ni Januari na theluji imefika kiunoni. Darasa la saba nilimaliza, Zuhura, jiografia nilisoma.

Shangazi yako anasafiri Alhamisi kwa treni kwenda Dar. Nimempa kilo mbili za dagaa, wale wa kichanjani, hawana mchanga. Huko kuna kijana wa kwao anakuja upande wenu mwisho wa mwezi, atakuletea. Uwakaushe tena kidogo ukiwapata, wasivunde njiani.

Nijibu kwa barua, au kwa sauti ya WhatsApp, vyovyote. Ila uanze na Machi, dagaa baadaye. Cherehani nimeanza kuikomboa kidogo kidogo, fundi amekubali nilipe kila Ijumaa.

Mama yako