Bosi mwanamke naye ashtakiwe kwa tarehe na ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua nizungumzie namna tunavyowasema wanawake wenye madaraka, wawe mameneja wa viwanda, wakurugenzi wa taasisi za umma, wabunge au mawaziri. Wapo wanaosema wanawake hao wasiguswe kabisa, eti kila anayewakosoa ana chuki na wanawake. Siungi mkono. Bosi anayenyanyasa watu ni mnyanyasaji, awe amevaa kilemba au tai. Lakini sisi tuliofanya kazi za utumishi tumeliona jambo moja likijirudia: malalamiko mengi dhidi ya bosi mwanamke huanguka kwa sababu yameandikwa vibaya, na yameandikwa vibaya kwa sababu mlalamikaji alikaa kumsema mwanamke akasahau kueleza kosa.

Barua ya kawaida ya malalamiko huwa hivi: "Meneja wetu ana gubu, anajisikia, hana simile na watu wazima, ni jike dume." Kamati ya nidhamu itafanya nini na barua hiyo? Haina siku, haina tendo, haina shahidi. Atakayemtetea meneja hahitaji hata kugusa tuhuma. Anashika maneno mawili tu, "jike dume", na kikao kinageuka. Aliyekuja kulalamika anaanza yeye kujieleza kwa kumdhalilisha mwenzake kijinsia. Kama kweli meneja alikosa, kosa lake limezikwa na mlalamikaji mwenyewe.

Barua hiyo ingeweza kuandikwa hivi: "Jumanne tarehe 4 Machi 2025, saa 2:15 asubuhi, katika kikao cha idara, meneja alirusha faili mezani mbele yangu akasema, 'Wewe hata darasa la saba ulidesa.' Tulikuwa watu tisa, na majina yao nimeyaambatisha. Tarehe 11 Machi alirudia maneno hayo mbele ya wateja wawili. Tangu siku hiyo nimeondolewa kwenye kundi la WhatsApp la idara, na ratiba ya zamu naipata kwa kusikia kwa wenzangu." Hakuna sifa hata moja hapo. Hakuna mkali, hakuna mnoko, hakuna kiburi. Badilisha jina la meneja liwe la mwanaume na barua inabaki na uzito uleule, na hicho ndicho kipimo ninachokipendekeza kwa yeyote anayetaka kumkosoa bosi wa kike: weka jina la kiume, kisha usome tena. Sentensi itakayoonekana kichekesho ikisomwa hivyo, ifute.

Kipimo hicho hakikutoka hewani. Mwaka 2003, katika Chuo Kikuu cha Columbia kule Marekani, wanafunzi wa biashara walipewa wasifu wa mjasiriamali wa kweli, Heidi Roizen. Nusu walisoma wasifu wenye jina lake, nusu wakasoma uleule wenye jina la Howard. Wote wawili walionekana hodari sawasawa, lakini Howard ndiye wanafunzi waliyetaka kufanya naye kazi. Heidi walimwona mtu wa kujipendelea. Mwaka 2014 mtafiti Kieran Snyder, naye wa hukohuko Marekani, alipitia tathmini 248 za wafanyakazi wa kampuni za teknolojia. Katika tathmini 83 za wanaume zilizokuwa na ukosoaji, tabia ya mtu ilisemwa vibaya katika 2. Kwa wanawake ilikuwa 71 kati ya 94. Tathmini hizo ziliandikwa na mameneja wa kiume na wa kike pia, kwa hiyo wanawake wenzangu tusijitoe kwenye lawama.

Sasa, nini ni ukali wa kazi na nini ni unyanyasaji? Hapa watu huchanganya sana, na sheria inasaidia kuliko hisia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya hapa Tanzania, Sura ya 366, imeweka saa za kawaida kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Saa za ziada ni kwa makubaliano, hazizidi 50 katika wiki nne, na hulipwa angalau mara moja na nusu ya kiwango cha kawaida. Hairuhusiwi kumfanyisha mtu kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Mama anayenyonyesha anapewa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, na likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Basi, meneja anayetaka ripoti saa 2 kamili asubuhi, anayerudisha dokezo mara tatu kwa sababu hesabu haziwiani, anayekataa kusaini malipo yasiyo na risiti, anayetoa barua ya kujieleza kwa aliyechelewa mara ya nne, huyo anafanya kazi anayolipwa. Mwite mnoko nyumbani kwako. Meneja anayekubakiza hadi saa 4 usiku bila malipo, anayemnyima mzazi muda wa kunyonyesha kwa kuwa "na mimi nililea bila hayo", huyo amevunja sheria, na unaweza kumshika kwa saa na dakika bila kutaja sauti yake ina ukali kiasi gani.

Baina ya hao wawili kuna bosi wa tatu, anayefokea watu. Uingereza imetupa mifano miwili inayofaa kuwekwa pamoja. Mwaka 2020 Sir Alex Allan, mshauri wa Waziri Mkuu kuhusu maadili ya mawaziri, alimchunguza Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani. Alikuta kwamba pamekuwepo nyakati za kupiga kelele na kutukana, na kwamba kwa namna ulivyowaathiri watu, mwenendo huo uliweza kuitwa uonevu, hata kama hakukusudia. Wakati huohuo aliandika kwamba watumishi hawakuwa wamemwambia athari ya mwenendo wake, na kwamba waziri alikuwa na haki ya kuona hapati msaada wa kutosha kutoka kwao. Waziri Mkuu Boris Johnson akaamua abaki; aliyejiuzulu ni Sir Alex. Miaka miwili na zaidi baadaye wakili Adam Tolley alichunguza malalamiko 8 dhidi ya Dominic Raab, Naibu Waziri Mkuu. Alipima tukio kwa tukio, akatenganisha ukali wa maneno wa mtu mwenye haraka ya kazi na matumizi mabaya ya madaraka, na mambo mawili yakasimama. Raab alijiuzulu Aprili 2023. Tolley aliongeza jambo ambalo kila ofisa utumishi angelibandika ukutani: baada ya uchunguzi kutangazwa, Raab aliweza kujizuia, maana yake angeweza kujizuia tangu mwanzo. Mwanamke alibaki na mwanaume akaondoka, kwa hiyo asije mtu akasema mizani ya huko huwaelemea wanawake tu. Ninachotaka kionekane ni namna ripoti zote mbili zilivyofanya kazi, kwa matukio, wala si kwa tabia za jinsia.

Kwa mfanyakazi wa hapa Tanzania njia ipo, ila ina mashimo. Anza na utaratibu wa malalamiko wa mwajiri wako. Peleka nakala mbili masijala, moja ibaki kwao, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, uondoke nayo. Barua isiyo na mhuri ni barua ambayo mwajiri atasema hajawahi kuiona. Ujumbe wa simu usiufute hata baada ya kuupiga picha, kwa sababu picha iliyokatwa namba na saa hukataliwa kirahisi. Simu yenyewe ndiyo yenye ushahidi. Waliosikia waandike maelezo yao wiki hiyohiyo, kila mtu kwa maneno yake. Maelezo matano yanayofanana hadi koma yanamfanya msuluhishi ajue yaliandikwa na mtu mmoja.

Kosa kubwa kuliko yote ni kuacha kazi kwa hasira. Sheria inatambua kwamba mtu anaweza kulazimika kuacha kazi kwa sababu mwajiri amefanya hali iwe haivumiliki, na hiyo ikahesabiwa kuwa ameachishwa. Lakini Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007 zinataka awe ametumia kwanza njia za malalamiko zilizopo kazini, isipokuwa ana sababu nzuri ya kutofanya hivyo, na mzigo wa kuthibitisha kwamba alilazimishwa ni wake. Sasa angalia barua za kuacha kazi zinavyoandikwa: "Naacha kazi kwa sababu binafsi. Naushukuru uongozi kwa ushirikiano." Ukishasaini sentensi hizo mbili, kesi yako umeimaliza wewe. Kama umeonewa, andika kwenye barua hiyohiyo nini kilitendeka, lini, na ulilalamika kwa nani bila kujibiwa.

Ukienda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), inayoshughulikia migogoro ya kazi, unajaza fomu CMA F.1, unampatia mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea. Mgogoro wa kuachishwa kazi upelekwe ndani ya siku 30. Migogoro mingine ndani ya siku 60 tangu ilipotokea. Ukichelewa inabidi uombe kwanza kuongezewa muda, na "nilikuwa nasubiri hasira zipoe" haijawahi kuwa sababu. Mtumishi wa umma anatakiwa amalize kwanza ngazi za Sheria ya Utumishi wa Umma. Na unyanyasaji uliofungamana na jinsia, mimba, hali ya ndoa, dini, kabila au ulemavu unahesabiwa na sheria kuwa ni ubaguzi, kwa hiyo ukiwepo utajwe waziwazi. Bosi wa kike naye anaweza kuutenda, kwa mfano kumwambia mfanyakazi wake mjamzito kwamba "hapa hatuleti matumbo".

Viongozi wa umma wana njia nyingine, kwa kuwa wao ni wa wananchi wote. Ukosoaji dhidi yao uwe mkali tu, sina neno. Ila ugonge penye fedha na maamuzi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hukabidhiwa kwa Rais ifikapo mwisho wa Machi na hujadiliwa hadharani baada ya kufikishwa bungeni. Mle mna taasisi kwa taasisi: manunuzi yasiyofuata utaratibu, mikopo isiyorejeshwa, miradi iliyokwama. Mtu anayetaka kumkosoa mkurugenzi mkuu mwanamke aanzie hapo, ukurasa gani, shilingi ngapi, mwaka gani wa fedha, na je, yeye ndiye aliyesaini au alilikuta. Hilo la mwisho husahaulika mno, kwani wapo wanawake wanaopewa taasisi ikiwa tayari inayumba. Kama tuhuma ni ya maadili, Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma inapokea malalamiko ya mwananchi yeyote.

Tukiacha njia hiyo hutokea yale ya Nairobi mwaka 1989. Mwanamazingira wa Kenya, Wangari Maathai, alihoji mpango wa kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru Park, akauliza habari za mkopo mkubwa wa nje na hatima ya eneo la wazi la wakazi. Lilikuwa swali la hesabu na la mipango miji. Bungeni, mwezi Novemba, wabunge walilijibu kwa kuliita kundi lake la upandaji miti, Green Belt, kundi la wanawake walioachika. Talaka ya Maathai ilikuwa na uhusiano gani na riba ya mkopo? Mradi ulikuja kuachwa baada ya wafadhili kusita, na wabunge wale hawakuwa wamejibu swali hata moja. Leo sauti ile imehamia kwenye simu zetu: waziri akitangaza kodi mpya, maoni ya kwanza yanahusu mumewe, ya pili wigi lake, na kiwango cha kodi hakisomwi na mtu. Waziri aliyekosea hesabu hapati bahati kubwa kuliko hiyo. Na anayesambaza uongo mtandaoni akumbuke kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamhesabu mkosaji anayefanya hivyo akijua ni uongo, kwa nia ya kudanganya au kudhalilisha.

Kwako Mhariri nina maombi machache, yote ya meza ya uhariri. Habari ya malalamiko dhidi ya bosi au kiongozi isipite bila tarehe ya tukio na kauli iliyonukuliwa kama ilivyotamkwa. Mlalamikiwa apewe muda unaotosha kujibu kabla ya kuchapa, na kama hakujibu, gazeti liseme alitafutwa lini na kwa njia gani. Ndoa, watoto na umri visitajwe isipokuwa ndivyo vilivyo kiini cha habari, na mkitaja kwa mwanamke mtaje na kwa mwanaume aliye ukurasa huohuo. Vichwa vya habari vya "mama mkali atikisa ofisi" muwaachie wenye udaku. Afadhali kichwa kirefu kidogo kinachosema mkurugenzi amelipa nini, kwa nani, bila idhini ya nani.

Ofisa utumishi mstaafu,
Morogoro