Hiyo Shingo ya Salma Si Uchafu

Mpendwa Mama Salma,

Salamu zako na picha za Idi nimezipokea, na nimefurahi kuona kwamba mmesherehekea salama. Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, kwa kuwa simu yako huwa mikononi mwa Salma, na jambo lenyewe linamhusu yeye.

Katika ile picha aliyogeuka nyuma, nywele zikiwa zimesukwa juu, shingo yake inaonekana nyeusi kuliko mgongo. Nakumbuka ulivyolalamika kwamba mtoto haogi vizuri, na kwamba ulimsugua kwa dodoki na limau hadi akalia. Ndugu yangu, usimsugue tena. Ngozi inapokuwa nyeusi, nene na laini kama mahameli nyuma ya shingo au kwapani, hasa kwa mtoto aliyenenepa, mara nyingi ni dalili kwamba insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, imezidi katika damu, kwa sababu mwili hauiitikii ipasavyo na kongosho linalazimika kuitoa kwa wingi. Hali hiyo yaweza kutangulia kisukari, na mara nyingi huandamana na presha na mafuta mabaya katika damu, mambo ambayo huanza kuichakaza mishipa ya moyo mapema.

Najua utaniambia kwamba presha ni maradhi ya wazee. Mimi mwenyewe, pamoja na miaka yangu yote ya uuguzi, nilikuwa nikidhani hivyo, mpaka niliposoma habari za watoto wa Bogalusa, mji mdogo wa jimbo la Louisiana, Marekani, ambao Dkt. Gerald Berenson na wenzake walianza kuwafuatilia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baadhi yao walipofariki wakiwa bado vijana, wengi wao kwa ajali na mikasa mingine, mishipa yao ilichunguzwa, ikakutwa na michirizi ya mafuta, na waliokuwa na uzito, presha na lehemu (kolesteroli) vyote juu kwa pamoja ndio walioathirika zaidi. Mtoto wa namna hiyo halalamiki kifua wala hachoki kupita wenzake. Anacheza rede hadi magharibi, na shangazi zake wanamsifu kwamba ana afya njema. (Kwetu unene wa mtoto umekuwa sifa ya mama, na sifa hiyo inatuponza.)

Ninakuomba basi ufanye mambo mawili kabla shule hazijafunguliwa. Kwanza, chukua futi ya fundi cherehani, umpime kiuno na kimo; kiuno kikizidi nusu ya kimo, mafuta ya tumboni yamekuwa mengi. Pili, mpeleke akapimwe presha, na hapo uwe mkali kidogo. Mkanda wa mtu mzima hautoi kipimo sahihi kwenye mkono mwembamba, na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha kubwa kuliko iliyopo, kwa hiyo uliza kama wanao unaomtosha. Aketi dakika 5 kwanza, asipimwe akitoka kukimbia. Kisha usikubali kuambiwa kwamba 120 kwa 80 ni kawaida: kwa mtoto wa miaka 9 kipimo hicho tayari kimepanda, kwani presha ya watoto husomwa kwenye jedwali la umri, jinsia na kimo. Kikiwa juu mara moja usifadhaike. Kirudiwe siku nyingine, kwani hata hofu ya koti jeupe la daktari hupandisha.

Mweleze daktari pia habari ya babu yake, mzee wetu aliyeanguka ghafla akiwa na miaka 49. Mshtuko wa moyo kwa mwanamume aliye chini ya miaka 55 si jambo la kupuuza katika ukoo, na ndiyo sababu ningependa Salma apimwe lehemu na sukari vilevile.

Kuhusu chakula, tafadhali usimtenge wala usimnyime wali mbele ya kaka zake. Ondoeni soda nyumbani kwa wote, punguzeni sukari ya chai kwa wote, na Baba Salma akavutie sigara zake nje, au bora aziache kabisa, kwa maana moshi huo nao unaidhuru mishipa ya watoto.

Mkishapima, niandikie namba zote mbili za presha pamoja na kimo chake, nami nitazitazama kwenye jedwali letu la kliniki.

Ni mimi rafiki yako,
Mama Idrisa