Barua ya kufunga muhula kwa wazazi na walezi wa Darasa la Sita

Ndugu Mzazi/Mlezi,

YAH: KUSOMA KWA HATUA KATIKA SOMO LA SANAA, NA KAZI YA LIKIZO

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Muhula umekwisha salama. Ripoti ya mwanao imeambatanishwa, na tarehe ya kufungua shule ipo chini yake.

Ukifungua daftari lake la sanaa utakuta maswali mengi kuliko michoro. Ni makusudi. Watoto wetu ukiwaonyesha mchoro husema "mzuri", basi. Muhula huu tumewapa makala fupi kuhusu kila mchoro, nao huisoma kwa hatua: kupitia vichwa vya habari, kuandika maswali, kusoma wakitafuta majibu, kufunga karatasi na kumsimulia jirani, kisha kupitia tena. Utaratibu huu uliandikwa na Mmarekani Francis Robinson mwaka 1946, kwa wanafunzi wa vyuo. Sisi tumeongeza hatua moja: kuurudia mchoro wenyewe.

Tulianza na Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwaka 1968 na kufariki mwaka 1972. Mwanafunzi mmoja aliandika: "Mbona unang'aa kama mlango?" Jibu akalikuta kwenye makala: ni rangi za mafuta, zile za kupakia baiskeli, juu ya hadibodi. Alipourudia mchoro akaona na yasiyoandikwa: mnyama amejaa ubao mzima, na nyuma yake rangi ni moja tu. Kwangu mimi, sentensi zake mbili zinashinda kurasa kumi za kunakili ubaoni.

Hatua inayowatoa jasho ni kusimulia. Wengine huona kufungishwa karatasi ni kuonewa. Hapo ndipo tunakuhitaji. Kazi ya likizo ni ukurasa mmoja kuhusu vinyago vya Wamakonde. Usimwulize kama amesoma; atakuitikia tu. Chukua karatasi, umwambie akusimulie kwa lugha yoyote mnayozungumza nyumbani, hata kama unachambua mchele. Bibi au babu asiyejua kusoma anaifanya kazi hii vizuri sana, maana hachoki kuuliza.

Vilevile achague kitu kimoja cha nyumbani, kiwe kinyago, mkeka au khanga, aandike maswali matatu kukihusu na ayalete shule itakapofunguliwa. Tafadhali usimwandikie. Mwandiko wa watu wazima tunaufahamu.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mwalimu Mkuu