Kipande kimo humo mfukoni

Dar es Salaam,
Jumanne usiku

Kwako Mbwana,

Asalaam alaykum. Sisi huku hatujambo, hofu ni kwako wewe, shemeji na watoto. Najua utasema leo jua limetoka magharibi. Tangu msiba wa Bi Mkubwa sijakutafuta, na kila nikishika simu naona haya, basi siku zikazidi kwenda. Nisamehe. Lawama tutazimaliza tukionana.

Ama baada ya salamu, dhumuni la barua hii limo humo mfukoni. Kabla hujaendelea kusoma, fungua hilo gazeti. Hicho kipande nimekikata jana kwa grenda kutoka kwenye boksi la kushoto. Kigonge kwa kucha. Kinuse. Pitisha kidole upande wa ndani, ule wenye madoa meupe kama mashilingi, uone kinavyonata mpaka leo, siku ya tisa hii. Sasa niambie, na usinionee huruma: hiyo ni faiba au ni biskuti?

Habari yenyewe ni hii. Nafunga muziki kwenye gari letu, ile IST. Sabufa moja ya inchi 10, amplifaya, na spika za milangoni. Buti ya IST unaijua ilivyo. Boksi la mbao za MDF ningelipiga kwa siku moja nikapumzika, ila lingemeza buti nzima, na Mama Naima kila Jumanne na Ijumaa anapakia mzigo wake wa mitumba wa soko la Karume. Aliniambia mapema, kwa upole wake ule unaoujua: "Baba Naima, belo langu likikosa nafasi, utalibeba wewe kichwani." Hapo ndipo nikazikumbuka boti zenu. Faiba, huo mkeka wa nyuzi za kioo unaonyweshwa resini ikaganda, inafuata umbo. Nikasema nitengeneze mawili ya kujibana pembeni kwa kufuata mgongo wa tairi, kushoto sabufa, kulia amplifaya, na katikati pote pabaki pa mitumba. Sijakosea hapo, au siyo?

La kulia limetoka zuri, Mbwana, mpaka nikipita nalipapasa bila sababu. Nilifuata yote uliyotufundisha pale uani kwa Mzee Kombo. Tepu ya karatasi kwenye bodi, mistari ikipandana, juu yake foili ya jikoni, juu yake nta. Niliamka alfajiri, kabla jua halijakasirika. Resini kilo moja kwenye mizani, hadena, dawa ya kuigandisha, mililita 15 kwa bomba la sindano, nikakoroga polepole nisiingize mapovu. Mkeka tabaka la kwanza, brashi kwa kudonoa, siyo kupaka kama mtu anayepaka ukuta. Nikaacha, nikaenda kazini. Kesho yake tabaka la pili, keshokutwa la tatu. Lilipokauka nikaingiza vijiti vya mbao pembeni, likasema "tok", likatoka mzimamzima.

Sasa la kushoto.

Kwanza lazima nikiri jambo. Uso wa boksi la sabufa ulitaka kitambaa cha kuvutika, kile unachokitandaza juu ya ile ringi ya MDF ya kushikia sabufa, ukakigongelea pini mpaka kikakaza kama ngoma, halafu ukakinywesha resini. Mimi kitambaa nitakitoa wapi Jumapili? Nikafungua belo. Nikachagua kiblanketi cha flisi, cha kijivu, laini. Kumbe ni gredi ya kwanza na kilikuwa na mteja wake tayari, mama mmoja wa Ilala ambaye ameshatanguliza hela. Hadi leo naongeleshwa kupitia mtoto: "Naima, mwambie baba yako chakula kipo mezani."

Lakini kitambaa hakikuwa na kosa. Kilikunywa, kikakauka, ukikigonga kinalia. Kosa lilikuja kwenye mkeka. Saa saba mchana, jua la utosi, lile bomba la sindano limeganda na uchafu wa jana, na mimi nina haraka kwa sababu kijiweni nimeshatangaza kwamba Jumamosi ya wiki ijayo, kwenye harusi ya mpwa wangu, IST itaingia ukumbini ikipiga. Nikapima hadena kwa kifuniko. Kifuniko kimoja. Nikaona kama kidogo, nikaongeza cha pili. Na resini yenyewe ilikuwa nusu kilo tu.

Bwana wee! Dakika ya nne inavuta kama uji wa muhogo. Dakika ya sita kopo la plastiki limelegea mkononi, moshi unatoka, harufu imeingia mpaka chumbani kwa mama mkwe. Nikalitupa mchangani, likaendelea kufuka peke yake. Jirani akachungulia ukutani kuuliza kama napika gongo. Na mimi badala ya kuacha, nikahangaika kuokoa ile iliyokwisha kupakwa, tabaka tatu kwa mpigo mmoja, mkeka mwingine haujalowa hata kidogo. Ndiyo hayo madoa meupe unayoyaona. Nikiweka kiganja juu ya boksi nautoa, moto. Usiku nikasikia linalia kwa kupasuka, "ka, ka".

Nilipolibandua, nyuma karibu na taa limejivuta, kidole kinapita kati yake na bodi. Chini tepu ilikuwa imeachia, resini imeingia kwenye kapeti. Kapeti limebaki na boksi.

Halafu upupu wa vumbi la faiba. Siku nilipopiga msasa nilivaa fulana ya mikono mifupi, ati joto. Nikaingia kuoga maji ya moto. Ulituambia maji ya baridi, nakumbuka vizuri kabisa ulivyosimama ukasema, lakini kichwa changu unakijua. Nimejikuna siku mbili, shingoni, viwikoni, na kwingine nisikokuandika.

Nikapima ujazo kwa mahindi, kama unavyofanya wewe. Nilitaka lita 20. Nikajaza, nikamwaga kwenye ndoo, zikaja 16 na kidogo, na hapo sabufa yenyewe haijachukua nafasi yake. Kwa hiyo hata nikiziba, besi itatoa kifua tu, kule chini haifiki. Mahindi nikawatupia kuku. Kuku wakayanusa, wakaondoka.

Nyaya hazinisumbui sana. Waya mnene wa betri nimeupitisha kushoto, nyaya za sauti kulia, fyuzi nimeiweka shubiri mbili tu kutoka kwenye betri. Mwanzo kulikuwa na mlio wa mbu kwenye spika, ukikanyaga mafuta unapanda, ukiachia unashuka. Nikakwangua rangi pale penye ethi mpaka bati likang'aa, mbu akafa. Taa za mbele bado zinakonyeza besi ikipiga, lakini hilo ni la siku nyingine.

Nirudi kwenye boksi. Kwa ukaidi nililifunga hivyo hivyo, na silikoni pembeni, nikaweka taarabu ya zamani, ile ambayo gitaa la besi linatembea taratibu. Juu safi. Besi ikija, "fyuu", kama mtu mwenye pengo anaita mbuzi. Nikachukua udi wa Mama Naima, nikauwasha, nikaupitisha kwenye maungio yote huku sabufa inapiga. Kila mahali moshi umetulia. Nikafika nyuma, pale kwenye ufa, moshi ukaanza kuingia na kutoka, kuingia na kutoka, kama pua ya mtu aliyelala. Nikazima redio, nikakaa humo ndani ya buti na udi wangu. Leo belo limekwenda Karume kwa bajaji, na nauli nimelipa mimi.

Nauliza basi, Mbwana. Nikikata sehemu ya nyuma yote na kuunga mkeka mpya, utashika kwenye faiba hii iliyopikwa na hadena, au nitakuwa napaka rangi kwenye mzoga? Au nivunje nianze upya, blanketi nitajua pa kulitoa? Huko kunata ni resini yenyewe ya aina ile isiyokauka juu ikiguswa na hewa, au niliuziwa kitu cha zamani? Muuzaji aliniambia resini zote ni moja, kama maji. Nyinyi boti zenu mnasubiri saa ngapi kati ya tabaka na tabaka jua likiwa hivi? Ule mkeka wa gramu 450 kwa mita ya mraba unapatikana Tanga kwa bei gani, maana huku nimepata mwepesi tu, unachanika ukiushika? Unaweza kuniletea mita tatu? Naam, nimesema kuniletea. Huwezi kupanda basi Alhamisi, ukalala kwetu, Ijumaa asubuhi tukafanya pamoja kabla jua halijapanda? Shemeji atakuruhusu? Boti ya Mjomba imeshaingia majini au bado anabishana na yule Mpemba? Mtoto ameanza kutembea?

Jibu kwa konda huyu huyu wa basi aliyekuletea barua, anarudi kesho jioni. Ukipiga simu, piga baada ya isha. Mchana simu anashika Mama Naima, na habari ya udi bado hajaijua.

Wako,
Shabani