Risala ya Wafanyakazi wa Hoteli kwa Mgeni Rasmi, Malindi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Afisa wa Kazi; Bwana Meneja na wasaidizi wako; wafanyakazi wenzangu, kuanzia jikoni hadi getini: Assalaam alaykum, na Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, karibu Malindi. Umetukuta kaskazi imeshika na bahari yetu imepiga wekundu kwa tope la Mto Sabaki, lakini vyumba vimejaa, kwa hivyo leo unatuona tunacheka. Tumesikia utatuzungumzia juu ya wafanyakazi kushiriki katika maamuzi ya kazini. Tumeona tutangulie kukueleza tulivyoyaonja mambo hayo wenyewe, tangu kamati yetu ianze miaka miwili iliyopita.

Katiba ya 2010, kifungu cha 41, inatupa haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Sheria ya usalama na afya kazini ya 2007 nayo inataka kamati ya usalama mahali penye watu 20 au zaidi. Hayo unayajua kutushinda. Ila hakuna sheria inayosema nani aulizwe kuhusu sabuni, na ni sabuni iliyotufungua macho.

Ofisi ilinunua sabuni ya kufulia kwa jumla, magunia kwa magunia, kwa sababu bei ilikuwa nzuri. Maji ya kisima chetu yana chumvi. Ile sabuni haikutoa povu, mashuka yakakakamaa, wageni wakalalamika, magunia yakabaki stoo. Dobi wetu, mzee aliyefua kwa maji hayo miaka mingi, angeyasema hayo kwa dakika moja. Hakuulizwa. Meneja, na tunamshukuru kwa hili, alikiri mbele yetu, na kamati ikazaliwa wiki hiyo.

Yeye hupenda kutukumbusha kwamba manahodha wengi chombo huenda mrama. Ni kweli. Lakini nahodha hukaa tezi, nyuma ya chombo, na mwamba huuona kwanza aliye omo, kule mbele.

Tangu hapo ratiba ya zamu hupitia kwetu kabla ya kubandikwa. Akina mama wa jikoni waliokuwa wakitoka saa tano usiku, wakilipa tuktuk karibu nusu ya walichokipata siku hiyo, sasa hutoka saa mbili. Kazi haikulala hata siku moja.

Mheshimiwa, machungu nayo yapo. Kikao kimoja kilikwenda saa tatu nzima juu ya kisanduku cha bakshishi, na bakshishi zenyewe hazijagawiwa hadi leo. Mjumbe mmoja alitoboa siri ya bei mpya za vyumba kabla hazijatangazwa. Wenye maneno mengi hushinda wenye hoja, nami nikiwemo. Askari wa usiku hawajapata kuhudhuria hata mara moja, maana tunakutana wakiwa wamelala. Asiyekuwepo na lake halipo.

Lakini lililotuuma ni la Mei iliyopita. Masika yalishika, wageni wakakatika, na kamati ikaitwa ofisini. Tukaambiwa tuchague watu 12 waende nyumbani bila malipo hadi Julai. (Tunajua una lako la kusema hapo, Mheshimiwa, tutakusikiliza.) Tulifurahi kuulizwa. Tukakesha tukipima nani ana watoto shuleni, nani ana deni, nani ana shamba la kumshikilia. Tukatoa majina. Asubuhi yake tukaitwa wauza wenzao. Yule mzee wa sabuni alikuwa mmoja wa wale 12, na hakuitikia salamu yangu hadi Agosti. Simlaumu. Hatukuulizwa kama watu 12 waende, au sote tupunguziwe siku za kazi ili kila mmoja abaki na kitu. Hesabu ilikwisha kufungwa. Sisi tulikabidhiwa kisu tu.

Tangu siku ile ndani ya kamati yetu wako wanaosema bora tusiulizwe kabisa. Mimi sikubaliani nao, lakini nimekoma kuwacheka.

Ujerumani, kwa sheria ya 1976, makampuni yenye wafanyakazi zaidi ya 2,000 huwapa wawakilishi wao nusu ya viti katika bodi ya usimamizi. Sisi hatufiki hata 50, wala hatuombi viti. Tunaomba matatu. Bwana Meneja, tuonyeshwe hesabu za masika mwezi wa Machi, kabla uamuzi haujapigwa chapa. Vikao viwe saa kumi na mbili jioni, askari waingiapo zamu, nao wasikike. Na wewe Mheshimiwa, ofisi yako itutumie mtu wa kutufundisha kusoma vitabu vya hesabu, maana tukionyeshwa leo wengi wetu tutaangalia karatasi tu.

Yule mzee amerudi kazini, ameketi pale safu ya nyuma. Mashuka ya meza hizi ameyafua yeye.

Ahsanteni.

Imesomwa na Katibu, kwa niaba ya kamati ya wafanyakazi.