Anasema nikiwa kando yake hataogopa maji

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kisasa, Dodoma. Nina miaka 38, ni mjane, nina watoto wawili. Ukisoma mwanzo utadhani ni habari ya michezo tu, lakini jambo hili limeninyima usingizi, kwa sababu linagusa uhai wa mtu ninayempenda.

Mimi na rafiki yangu, nimwite Mwanaidi ingawa si jina lake, tunajiandaa kwa triathloni yetu ya kwanza. Ni mbio za mambo matatu kwa mfululizo: unaogelea, unatoka majini unapanda baiskeli, ukishuka unakimbia, na saa haisimami hata ukiwa unafunga kamba za viatu. Sisi tumechagua ile fupi inayowafaa wanaoanza: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za kukimbia. Ni Novemba, huko pwani, na kuogelea ni baharini.

Wazo lilikuwa lake. Mume wangu alipofariki, niliacha kula na kutoka nje. Mwanaidi alikuwa akija kila siku saa kumi na moja alfajiri, anagonga geti mpaka nifungue, ananitoa tukatembee. Hakunihubiria, hakuniambia nijikaze. Alitembea tu kando yangu. Kutembea kukawa kukimbia, tukawa tunapanda mlima wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) bila kusimama, na baada ya kugawana kikoba tukanunua baiskeli mbili za mtumba. Kwa hiyo, Shangazi, ninaposema nina deni kwake, elewa ni deni la namna gani.

Kwenye baiskeli ananiacha mbali. Jumapili huwa tunatoka Kisasa kwenda Mtumba na kurudi, zaidi ya kilomita 20. Kwenda ndiko kugumu, kwa sababu msimu huu upepo unakupiga usoni, na malori ya Dar yakipita karibu unahisi baiskeli inavutwa. Yeye hukaa mbele anikinge upepo. Tukirudi tunaziegemeza baiskeli ukutani na kukimbia palepale bila kupumzika, ili miguu izoee, maana ukitoka kwenye baiskeli dakika za kwanza inakuwa mizito kama si yako. Hayo yote tunayaweza.

Kinachotushinda ni maji. Mimi ni Mgogo wa kijijini kabisa. Maji niliyoyajua utotoni ni ya kuchimba mchangani, korongo likikauka, na kuteka kwa kata. Kuogelea nimejifunza mwaka huu kwenye bwawa la hoteli moja hapa mjini, kwa kijana anayefundisha watoto. Bwawa lina mita 15 tu, kwa hiyo mita 750 ni kulivuka mara 50. Nilianza na mara 1 nikiwa nahema kama mbuzi aliyekimbizwa. Sasa nafika 40, polepole, nikibadilisha mtindo nikichoka, maana sheria inaruhusu mtindo wowote.

Mwanaidi amezaliwa Tanga. Kazini wanamwita mtu wa pwani, na kila mtu, mimi nikiwemo, aliona ni jambo la wazi kwamba anajua kuogelea. Miezi 2 ya kwanza alikuwa na udhuru kila Jumamosi: mara nywele, mara mafua, mara maji ya Julai ni baridi. Alipokuja, alibaki upande wa kina kifupi akishika ukingo. Nikadhani ana uvivu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa upande wa kina kirefu. Akaachia ukingo akanifuata. Alipokosa sakafu nikaiona sura yake ikibadilika, macho yametoka ndani ya miwani, mdomo wazi. Hakupiga kelele. Alinirukia shingoni kwa mikono yote miwili na tukazama pamoja. Nilikunywa maji, nikajaribu kumbandua vidole, kadiri nilivyombandua ndivyo alivyozidi kukaza. Yule kijana akatunyooshea fimbo ndefu ya kusafishia bwawa, nikaishika, akatuvuta. Mpaka leo nina alama za kucha zake begani.

Tulipokaa ukingoni, bado anatetemeka, aliniambia, "Umeona mwenzangu? Uliponishika nikatulia. Ukiwa kando yangu baharini sitaogopa."

Shangazi, sikumshika. Nilikuwa napigana nitoke chini yake.

Usiku alinipigia simu akaniambia ambalo hajawahi kumwambia hata mumewe. Akiwa na miaka 9 alianguka kutoka kwenye ngalawa, wakamtoa akiwa hajitambui. Tangu hapo hajaingiza uso majini. "Nitamwambia nani? Mtu wa Tanga asiyejua kuogelea!" Alilia. Nami nikalia naye, nikashindwa kusema nililotaka kusema.

Yule kijana aliniambia wazi kwamba anayezama hushika chochote kilicho karibu, ndiyo maana hata waokoaji humsukumia kitu kinachoelea kabla ya kumkaribia. Baharini hakuna ukingo. Najua huwa kuna maboya na watu wa mitumbwi, na unaruhusiwa kushika mtumbwi upumzike alimradi usiutumie kusonga mbele. Lakini ni lazima uufikie kwanza. Na mwanzoni watu huingia pamoja, mikono na mateke kila upande.

Nimejaribu njia ya pembeni. Nilimwambia kuna mashindano ya kupokezana: mimi niogelee, yeye aendeshe baiskeli, mimi nimalizie kukimbia. Nikamwambia pia kuna duathloni, isiyo na maji kabisa: unakimbia, unaendesha, unakimbia tena. Alinyamaza, kisha akasema, "Mimi nilikuja getini kwako kila siku. Wewe unaniacha kwa mita 750?"

Sikuwa na jibu. Moyoni naona kabisa kwamba kwa hali ilivyo asiingie baharini mwaka huu, na naamini tukianza upya taratibu, kwenye kina kifupi, na mwalimu anayejua kumfundisha mtu aliyewahi kuzama, mwakani ataweza. Lakini kila nikifungua mdomo namsikia akigonga geti.

Naomba unisaidie. Nimwambie ukweli kwamba siku ile sikumshika, hata kama ndiyo nguvu pekee aliyonayo? Nizungumze na mumewe, wakati alinieleza kwa siri? Au nijitoe na mimi, nimwambie tunasubiri wote mwakani, ingawa nahofia atajua ni kwa ajili yake na ataumia zaidi?

Usajili unafungwa mwisho wa mwezi. Jumapili alinitumia ada yake kwenye simu nitulipie sote wawili kwa pamoja, na hela hiyo bado ninayo.

Mama Lulu,
Kisasa, Dodoma