Barua ya wazi kwa vijana mnaouza maziwa ya kopo ya watoto wachanga

Wanangu,

Salamu nyingi. Nawaandikia ninyi mlioajiriwa katika idara za masoko na mauzo za kampuni zinazotengeneza maziwa ya watoto wachanga: mnaobuni matangazo, mnaozunguka hospitalini na mabegi ya sampuli, mnaojibu maswali ya wajawazito kwenye simu kwa jina la kampuni. Mimi ni mkunga mstaafu. Umri wangu unaniruhusu kuwaita wanangu, na kazi niliyoifanya imeniachia la kuwaambia. Sikuja kuwalaani. Wengi wenu mna watoto au mtakuwa nao, na naamini hakuna kati yenu anayetoka nyumbani asubuhi akikusudia kumdhuru mtoto wa mwenzake.

Niseme mapema kwamba maziwa ya kopo yana kazi yake. Yupo mtoto anayefiwa na mama yake siku anayozaliwa. Yupo mama anayetibiwa saratani kwa dawa zisizoruhusu kunyonyesha. Wapo watoto wachache wanaozaliwa na galaktosemia, ambao miili yao haiwezi kuitumia sukari iliyomo kwenye maziwa, hata yakiwa ya mama yao, nao huhitaji maziwa maalumu. Na yupo mama aliyeelezwa yote, akapima mambo yake, akaamua mwenyewe. Kwa hao wote, kopo lililotengenezwa kwa uaminifu ni uhai. Sina ugomvi nalo. Ninachokipinga ni kulipeleka kwa mtu asiyelihitaji, tena katika siku ambazo hana nguvu ya kukataa.

Niwaeleze siku hizo zilivyo, maana wengi wenu mnaziona kwenye takwimu za mauzo tu. Mtoto ana siku mbili. Siku ya kwanza alilala sana. Sasa ameamka, analia kila baada ya kitambo, na usiku ndiyo kabisa. Mama ana mshono, wa msamba au wa tumbo, na hajapata usingizi. Kinachotoka kwenye titi ni dang'a, matone mazito ya njano, kidogo mno kwa macho. Anaminya, anatazama, anasema, "Sina maziwa." Mama mkwe naye anasema hivyo hivyo. Kumbe tumbo la mtoto wa siku mbili ni dogo, na matone yale yanamtosha. Kule kuliakulia na kutaka titi kila mara ndiko kunakouagiza mwili wa mama utengeneze zaidi, na kwa kawaida katika siku ya tatu au ya nne maziwa hujaa. Saa hiyo anahitajika mtu wa kukaa kando ya kitanda, amsogeze mtoto tumbo kwa tumbo na mama yake, asubiri afumbue mdomo wazi, ahakikishe ameingiza na ile sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu. Akishika ncha tu, mama ataumia na mtoto hatashiba. Ni kazi ya dakika chache, ila inataka subira na mtu anayeijua.

Sasa wekeni kopo la bure juu ya meza ya kitanda hicho. Mtoto anapewa chupa, anashiba, analala saa nyingi mfululizo. Nyumba nzima inapumua. Lakini titi halikunyonywa kwa saa zote hizo, na mwili umepata habari kwamba maziwa hayatakiwi. Kesho yake linatoa kidogo zaidi, chupa inaongezwa. Kopo la bure linapoisha, mama sasa hana maziwa kweli, na tangu hapo atanunua, awe na uwezo au asiwe nao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, ndiyo maana hofu ya mama mchanga ni rahisi sana kuuziwa kitu. Ombi langu kubwa kwenu ni kwamba msiifanyie biashara hofu hiyo.

Jambo hili si geni. Mwaka 1939 daktari Cicely Williams alisimama mbele ya wanachama wa klabu ya Rotary huko Singapore akawaambia kwamba vifo vinavyotokana na propaganda potofu kuhusu ulishaji wa watoto vinapaswa kuhesabiwa kuwa mauaji. Mwaka 1977 wananchi nchini Marekani walianza kuzisusia bidhaa za Nestlé kwa sababu ya namna maziwa ya kopo yalivyokuwa yakitangazwa katika nchi maskini. Tarehe 21 Mei 1981, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha Kanuni ya Kimataifa ya Uuzaji wa Vibadala vya Maziwa ya Mama. Nchi 118 zilikubali, 3 hazikupiga kura upande wowote, na iliyokataa ilikuwa moja, Marekani.

Nimewauliza vijana wa kazi yenu kama wameisoma Kanuni hiyo, na mara nyingi nimejibiwa kuwa ni mambo ya serikali. Isomeni. Ni kijitabu chembamba, na hakikatazi kuuza maziwa ya kopo. Kifungu cha 5 kinakataza kuyatangaza kwa umma, kumpa mjamzito au mama sampuli, na kinataka watu wa masoko wasimtafute mama kwa njia yoyote, ya wazi wala ya kuzunguka. Kifungu cha 8 kinawagusa ninyi mfukoni: mauzo ya bidhaa hizi yasihesabiwe katika bonasi zenu, na msiwekewe malengo ya kuuza kiasi fulani. Nakipenda kifungu hicho kuliko vyote, kwa kuwa aliyekiandika alielewa kwamba kijana mwenye kodi ya kulipa, akiahidiwa nyongeza kwa kila katoni, ataipata njia ya kufika wodini hata mkimhubiria maadili mchana kutwa. Na kifungu cha 11 kinasema kampuni ijione yenyewe kuwa na wajibu wa kuchunga mwenendo wake wa uuzaji, hata kama nchi haijatunga sheria yoyote. Kwa hiyo lile jibu la "hapa hakuna sheria inayotukataza" lilikwisha kujibiwa tangu 1981.

Najua mabegi ya sampuli yamepungua mahali pengi. Mlango uliofungwa wodini umefunguliwa kwenye simu, na huko mama hana hata muuguzi wa kumwuliza. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na wazazi na wajawazito 8,500 katika nchi 8. Zaidi ya nusu walisema wamefikiwa na matangazo ya maziwa ya kopo, katika biashara yenye thamani ya dola bilioni 55 hivi kwa mwaka. Fikirini programu ya simu inayomwuliza mjamzito tarehe ya kujifungua, kisha ikamletea ujumbe wiki ileile mtoto anapozaliwa. Saa nane za usiku anaandika kwamba mtoto halali, na anayemjibu kwa upole anajiita mshauri, huku mshahara wake ukitoka kwa mwenye kopo. Mtoto mchanga kuamka usiku si ugonjwa. Kucheua kidogo, kulia jioni, kutaka kubebwa, yote hayo ni uchanga. Mkiyapa majina ya kitabibu na kuyatengenezea kila moja kopo lake, mnamfundisha mama kwamba mwanawe ana kasoro na titi lake ndilo lililoisababisha.

Tena kuna ujanja wa namba. Maziwa ya mtoto aliyevuka mwaka yanawekwa kwenye kopo la rangi ileile, nembo ileile, namba 3 badala ya 1, na yanatangazwa kila kona kwa hoja kwamba si ya wachanga. Anayeyaona anaikumbuka nembo, si namba. Ndiyo sababu mwongozo uliopokelewa na Mkutano Mkuu wa Afya Duniani mwaka 2016 uliyahesabu maziwa yanayouzwa kwa watoto hadi miezi 36 kuwa vibadala vya maziwa ya mama.

Kwenye lebo ndipo ningetamani mtumie akili zenu zote. Aliwahi kuletwa kwangu mtoto wa miezi kadhaa, shingo nyembamba, ngozi ya mapaja imelegea, ingawa mama yake alikuwa akimpa chupa bila kukosa. Nikamwomba anionyeshe anavyochanganya. Akachukua kijiko cha kupimia, akakijaza nusu, akamimina maji mpaka juu. Kopo lilipaswa kufika mwisho wa mwezi, na maandishi yaliyolizunguka yalikuwa ya lugha asiyoisoma. Picha ya mtoto mnene aliyeiona mbele ilikuwa imemwambia yote aliyohitaji kuamini. Kanuni inakataza picha za watoto kwenye makopo hayo, na inataka maelezo yawe ya lugha anayoielewa mnunuzi. Halafu kuna jambo ambalo nimekuta hata watu waliosoma hawalijui: unga ule si tasa. Unaweza kuwa na bakteria wa Cronobacter, ambaye kwa mtoto mchanga ni hatari kubwa, na ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linaelekeza uchanganywe na maji yaliyochemshwa ambayo bado hayajashuka chini ya nyuzijoto 70, kisha maziwa yapozwe kabla ya kumpa mtoto. Hilo liandikeni kwa herufi kubwa, mahali palipokaliwa na picha ya dubu. Shindaneni kwa usalama pia. Mwaka 2008 nchini China, maziwa yaliyochanganywa na melamini, kemikali ya viwandani, yaliwaumiza watoto wapatao 300,000, na 6 wakafa. Walionunua waliliamini kopo.

Mtaniambia, "Bibi, tukiacha sisi, kampuni ya jirani italichukua soko." Nawaelewa. Dawa yake ni sheria inayowabana wote sawasawa, na hapo ndipo kampuni zenu zinapoonyesha rangi zao. Hadi 2022, nchi 144 kati ya 194 zilikuwa na sheria fulani kuhusu jambo hili, lakini zilizoifuata Kanuni kwa karibu zilikuwa 32. Kampuni inayotangaza kwamba inaunga mkono kunyonyesha, kisha ikatuma watu wake kuwashawishi wabunge waulegeze muswada, imesema mambo mawili, na ninyi mlio ndani mnajua lipi ndilo la kweli. Watafiti walioandika katika jarida la The Lancet mwaka 2016 walikadiria kwamba kunyonyesha kukifika karibu kila mahali, vifo vya watoto 823,000 vingeepukwa kila mwaka. Iwekeni hesabu hiyo mezani pamoja na hesabu zenu za mauzo.

Na muanzie ndani ya ofisi zenu. Mwenzenu aliyerudi kutoka likizo ya uzazi anakamulia wapi maziwa? Kama ni chooni, ameketi juu ya kifuniko, mlango unagongwa, basi kampuni haijaanza hata hatua ya kwanza. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka likizo isiyopungua wiki 14, na mapumziko ya kunyonyesha yanayohesabiwa kuwa saa za kazi na kulipwa. Kinachobaki ni chumba kidogo chenye kitasa kinachofunga, kiti, maji ya kunawa na jokofu. Mama akikosa hivyo, maziwa yake hupungua vilevile kama ya yule aliyepewa sampuli wodini, na hili linazihusu kampuni zote, hata zinazouza saruji.

Katika mkutano wenu ujao wa kupanga mauzo, ingieni na nakala ya Kanuni. Fungueni kifungu cha 5 na cha 8, mpitie mpango wenu mstari kwa mstari, na kila kisichopita kifutwe kikao kisijafungwa. Ulizeni bonasi zinakokotolewaje. Ulizeni ni nani anayewajibu akina mama usiku, na anajitambulisha kama nani. Mkitaka kujua zaidi mambo ya kitandani kwa mzazi, wafuateni wakunga walio kazini leo. Watawaeleza kila kitu, ila nendeni bila kalenda, bila kalamu zenye nembo, bila mwaliko wa semina hotelini.

Wasalaam,
Bibi yenu, mkunga mstaafu